Shikamoo Mwalimu, Naomba Utoke Nje

Aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaijua midahalo yetu. Mada ni zilezile tangu enzi za wazazi wetu: elimu ni bora kuliko mali, mjini ni bora kuliko kijijini, mkulima ni bora kuliko mfanyakazi. Mtoto anasimama, anatazama dari, anamwaga alichokariri, anakaa. Wa upande wa pili anasimama, anasema "Mwongo huyo!", darasa linacheka, kengele inagongwa, tunarudi kwenye sehemu na desimali. Nilipokabidhiwa klabu ya mdahalo katika shule yetu, nje kidogo ya Dodoma mjini, nikaapa kwamba hawa wa kwangu watajifunza kujenga hoja.

Nikawapa vidole vitatu. Cha kwanza hoja, cha pili sababu, cha tatu ushahidi. Ukizungumza bila kidole cha tatu, nikawaambia, huo si mdahalo, ni umbea wa bombani. Na mwenzako akisema usichokikubali, humwiti mwongo. Unasimama kwa adabu na kusema, "Sikubaliani na mzungumzaji aliyepita." Haikupita wiki, mama mmoja akanifuata shuleni, kanga kaifunga kiunoni kishari. Jioni alimtuma mwanawe dukani, mtoto akamjibu kwamba hakubaliani na mzungumzaji aliyepita.

"Nimekuja kuuliza tu, Mwalimu," akasema. "Huyo mzungumzaji aliyepita ndo mimi?"

Ukifundisha Dodoma huwezi kulikwepa Bunge. Tukaomba nafasi, tukapata, watoto wakaenda kukaa kwenye jukwaa la wageni asubuhi, kipindi cha maswali na majibu. Nilitaka waone watu wazima wanavyopangua hoja. Wao walitazama vingine kabisa. Waliitazama siwa, ile rungu ya heshima ya Bunge, ikiingizwa, Mpambe wa Bunge aliyeibeba akitembea mbele ya Spika kama ardhi yote ni yake. Walitazama meza zinavyopigwa. Wakaokota "taarifa", "kuhusu utaratibu" na "naomba mwongozo wako". Spika alipotambulisha wageni na kuitaja shule yetu, wakasimama kushangiliwa, na nadhani ni pale pale waliponitoka mikononi.

Maana tuliporudi klabu ikawa Bunge. Kiranja mmoja wa Darasa la Sita, msichana mwenye sauti ya kengele, akachaguliwa Spika. Joho lake likawa baibui la dada yake. Mpambe akawa kijana wa Darasa la Saba aliyewapita kimo baadhi ya walimu, mimi nikiwemo. Siwa walikwenda kuiazima jikoni: ule mwiko mkubwa wa kukorogea makande. Katibu akafungua daftari la kurasa nyingi akaliita Hansard, na humo aliandika kila kitu, pamoja na "(Makofi)" na "(Kicheko)" kwenye mabano kama alivyoona kwenye kumbukumbu za Bunge zenyewe.

Na alikuwepo binti wa Darasa la Tano, mdogo wa umbo, mpole, anayeishi na babu yake. Huyo babu, msimu wa bajeti ukifika, redio haizimwi mpaka betri zinyong'onyee. Wenzake walichukua ya kuonwa, yeye alichukua ya kusikika, na aliyoyapenda kuliko yote ni yale ya kushika shilingi. Kwa wasiofuatilia: mbunge asiporidhishwa na majibu ya Waziri wakati wa kupitisha bajeti, anatoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara wa Waziri huyo. Shilingi moja siku hizi hununui hata pipi, lakini utamwona Waziri mzima anavyoibembeleza irudi.

Basi ikaja siku ya wazazi. Ada tulishaondolewa, lakini chakula cha mchana bado kinategemea mchango wa mzazi: mahindi, maharage, na chochote cha kumlipa mpishi. Michango ilikuwa inasuasua. Mwalimu Mkuu akaona mdahalo ndiyo dawa. Mada akaipanga mwenyewe: "Mwanafunzi kula shuleni ni bora kuliko kula nyumbani." Wasemaji akawapanga mwenyewe pia, upande wa kutetea viranja watupu, upande wa kupinga wale wasiojulikana, akiwemo yule binti.

"Wanaotetea washinde," akaninong'oneza. "Ila washinde kidemokrasia."

Siku yenyewe tulibomoa ukuta wa mbao kati ya vyumba viwili vya madarasa tukapata ukumbi. Meza kuu ikatandikwa kitambaa cheupe, maua ya plastiki, soda na sahani ya karanga. Nyuma yake wakaketi Diwani, Afisa Elimu Kata, mwenyekiti wa kamati ya shule na Mwalimu Mkuu. Mhazini wa kamati alikaa karibu na mlango, kitabu cha risiti kimefunguliwa, kalamu mkononi, kama mvuvi aliyetega.

Msemaji wa kwanza wa kutetea alipewa dakika tatu. Akamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kumjalia uhai. Akamshukuru Spika, Diwani, wazazi wake, bibi yake mzaa mama kwa kumlea, bibi yake mzaa baba ili asije akanuna, na shangazi yake wa Kondoa aliyemnunulia viatu alivyovaa. Ndipo akasema, "Mheshimiwa Spika, baada ya kusema hayo sasa nijielekeze kwenye hoja," na muda ukaisha.

Sasa, mtunza muda hakuwa na kengele ya mezani. Alikuwa na ile rimu ya lori inayoning'inia kwenye mwarobaini nje ya dirisha, na hakuna aliyemkumbusha kwamba rimu ile ndiyo saa ya shule nzima. Aliigonga kwa uaminifu. Darasa la Kwanza, waliokuwa wamefungiwa darasani kwao wachore maua, wakasikia wito wa chakula. Walikuja mbio na vikombe na sahani za bati, wakajaa mlangoni, wakajaa madirishani, wakawa wanauliza kwa sauti moja makande yako wapi. Swali zuri, na katika mkutano ule halikuwa na wakati mbaya zaidi.

Tukawatuliza. Akaitwa binti wa Darasa la Tano.

Hakushukuru mtu. "Mheshimiwa Spika, sikubaliani na mzungumzaji aliyepita. Hoja yangu: kula nyumbani ni bora. Sababu: nyumbani bibi anachambua." Akanyanyua kidole cha tatu, akanitazama mimi, akatabasamu. "Ushahidi naomba kuuweka mezani."

Akatembea mpaka meza kuu, akachomoa mfukoni mwa sketi kiberiti kilichofungwa uzi mweusi. Akafungua uzi taratibu, akasukuma kidroo kwa kidole gumba, akakiweka kati ya soda ya Diwani na sahani ya karanga. Ndani mlikuwa na maharage kama kumi hivi, kila moja limetobolewa tundu la mviringo, safi utadhani fundi kapitisha keekee. Kisha tundu moja likatoa kichwa. Fukusi wa kijivu akapanda ukingo wa kiberiti, akapumzika, akashuka kwenye kitambaa cheupe. Wenzake wakamfuata. Kwenye kitambaa cheupe, ndugu zangu, fukusi haonekani mdogo. Mmoja akafungua mbawa na kutua kwenye mrija wa Afisa Elimu Kata, ambao wakati huo ulikuwa mdomoni mwa Afisa Elimu Kata.

Sitaeleza ile soda ilitoka wapi na wapi. Katibu aliandika "(Kicheko)".

Nikasimama. "Jamani, tuendelee na mada—"

"Mheshimiwa Mwalimu," akasema Spika, "umesimama kwa kanuni ipi?"

"Mimi ni mwalimu wenu!"

"Hiyo siyo kanuni. Kaa chini."

Wazazi wakapiga madawati. Nikajaribu tena, nikasema nadhani tungeahirisha kidogo, meza ipanguswe. Spika akavuta baibui vizuri mabegani. "Mheshimiwa Mwalimu, unabishana na Kiti. Mpambe!"

Kijana akaja, mwiko begani, hatua za pole kama alivyoziona bungeni. Akasimama mbele yangu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Naomba utoke nje."

Nikamtazama Mwalimu Mkuu, anakung'uta kitambaa. Nikamtazama Diwani, anapiga makofi. Nikatoka, nikisindikizwa na mwiko, mpaka chini ya mwarobaini. Darasa la Kwanza walikuwa bado pale na vikombe vyao. Wakanizunguka.

"Mwalimu, umefukuzwa?" akauliza mmoja, meno ya mbele hana.

"Nimetoka kidogo."

"Umefanya nini?"

"Nimeongea bila ruhusa."

Wakatikisa vichwa kwa huruma ya watu waliopitia. "Piga magoti," akanishauri mwingine, "wakikuona unalia wanakurudisha."

Yaliyobaki niliyaona kupitia nondo za dirisha. Mwalimu Mkuu alisimama kujibu. Akasema shule ina utaratibu mzuri wa kuhifadhi nafaka, kwamba maharage yale huenda ni ya zamani, kwamba jambo linafanyiwa kazi. Yule binti akasubiri amalize. "Mheshimiwa Spika, majibu hayajaniridhisha. Nashika shilingi."

Mwalimu Mkuu akadhani ni maneno tu. Lakini binti alikuwa kanyoosha kiganja, na hakikushuka. Diwani, mtu wa siasa, alikuwa anajifuta machozi ya kicheko. "Mpe, Mwalimu, mpe. Ndiyo utaratibu." Mkuu akapekua mifuko, huku na huku, akaibuka na sarafu ya shilingi mia. Binti akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama alivyolelewa, akaifunga kwenye ule uzi wa kiberiti.

Spika akalihoji Bunge. Wanaoafiki wakasema ndiyo: viranja, walimu na mhazini. Wasioafiki wakasema siyo, na ile siyo ilipigwa na wazazi wote, na Darasa la Kwanza dirishani wakaipokea kwa kugonga vikombe, bila kujua wanapinga nini. Nadhani hata mbuzi wa jirani alisema siyo. "Nadhani wasioafiki wameshinda," akatangaza Spika, na wazazi wakaanza kuaga. Mhazini akafunga kitabu cha risiti. Alikuwa ameandika tarehe tu.

Jioni Mwalimu Mkuu aliniita ofisini. Hakufoka, na hilo lilinitisha zaidi. Alinisomea Hansard: "Mwalimu wa Klabu alitolewa nje. (Makofi) Mwalimu Mkuu alitoa shilingi. (Makofi ya muda mrefu)." Akauliza kama klabu haiwezi kugeuzwa kwaya.

Kamati ya shule ikakutana bila kuitwa. Yale magunia yakatolewa stoo yakamwagwa kwenye turubai juani, akina mama watatu wakateuliwa kupokea na kuchekecha kila maharage yanayoletwa, na mpishi akarudishiwa mwiko wake baada ya barua mbili kwa Spika. Yule binti akaalikwa kukagua. Alikuja na babu yake na redio, akainama, akatumbukiza mkono gunia jipya mpaka kwenye kiwiko, akachota, akapuliza, akatazama kila upande wa maharage matano, akarudisha.

Siku iliyofuata tulikuwa ofisini wakati wa mapumziko. Akabisha hodi, akasalimia wote kwa zamu. "Mheshimiwa Mwalimu Mkuu, nimeridhika na majibu ya Serikali. Narudisha shilingi."

Akaweka sarafu mezani. Mwalimu Mkuu akaichukua, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Binti, mimi nilikupa mia. Hii ni hamsini."

"Ndiyo, Mwalimu," akasema, ameshika mlango tayari kwa kutoka. "Hamsini ni posho ya kikao."