MacBook Air "ya 2020": ya Machi au ya Novemba?

Msimu wa korosho ukishachanganya na malipo yakaanza kuingia, wauza kompyuta hapa Mtwara mjini huulizwa sana: "Air ya 2020 shilingi ngapi?" Nyingi ni mtumba, zimepandishwa basi kutoka Kariakoo. Mnunuzi anasikia bei, anakwenda duka la pili, anarudi kwenye nafuu. Hapo ndipo anapopigwa, na si lazima muuzaji awe mwongo. Mwaka 2020 Apple ilitoa MacBook Air mbili, kompyuta zake nyembamba za mkononi, zenye umbo moja na bei moja ya kuanzia huko Marekani, dola 999. Ndani hazifanani kabisa.

Ya kwanza ilitoka Machi na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya kampuni ya Intel. Juni 22 Apple ikatangaza kwamba itaachana na Intel katika muda wa miaka miwili. Novemba 10 ikaonyesha Air ya pili, yenye chipu yake yenyewe, M1. Upya wa ile ya Machi haukufika hata miezi minane.

Wanaoitetea Apple wana hoja. Air za 2018 na 2019 zilikuwa na aina ya kibodi iliyolalamikiwa miaka mingi, vitufe vikiganda kwa vumbi kidogo tu, na ile ya Machi ndiyo iliyoondoa kero hiyo. Mwenye kazi ya kufanya hawezi kungoja toleo lijalo maisha yake yote. Na aliyenunua baada ya Juni alikuwa ameshaambiwa.

Lakini yule wa Aprili je? Chipu haibuniwi kwa wiki mbili. Kampuni ilijua inakokwenda huku ikimpokea mteja dola zake kimyakimya. Hilo mimi linanikaa kooni, hata nikikubali kwamba biashara ni siri.

Maana tofauti yenyewe si ndogo. Kwa makadirio ya Apple, ya Intel hukaa na chaji saa 11 ukiperuzi mtandaoni, ya M1 saa 15. Kwa mtu ambaye umeme ukikatika asubuhi hajui utarudi lini, saa nne hizo ndizo zinazomaliza ripoti. Halafu joto. Air ya Intel ina feni, ila haijaunganishwa na prosesa kwa bomba la kupozea, basi inapuliza na mashine bado inachemka. Ya M1 haina feni kabisa. Ukikaa nayo mchana wa Desemba karibu na bahari, haikupigii kelele wala kufyonza vumbi. Mwaka 2025 pengo likazidi: toleo jipya la mfumo endeshi wa Apple, macOS Tahoe, halikubali kuwekwa kwenye Air ya Intel ila linakubali kwenye ya M1, ingawa zote mbili ni za mwaka 2020.

Ya Intel ina turufu moja, nayo ni nzito: inawekewa Windows moja kwa moja kupitia Boot Camp, programu ya Apple ya kuweka Windows kwenye Mac, na ikiwashwa inakuwa kompyuta ya Windows kamili. M1 haina njia hiyo. Mhasibu wa chama cha msingi mwenye programu ya mahesabu ya Windows pekee hatasaidiwa na kasi ya M1. Fundi naye hana la kuchagua: memori na diski zote zimechomelewa kwenye ubao mkuu, katika Air zote mbili. Ukinunua ya memori ya GB 8, utazeeka nayo ya GB 8.

 

Kwa anayetaka Air sasa, hasa mwanafunzi, ningechukua ya M1 hata kwa kuongeza pesa. Ya Intel ningeigusa kwa Windows tu, tena kwa bei ya kutupa. Usiulize mwaka. Geuza mashine usome maandishi madogo ya chini: A2179 ni Intel, A2337 ni M1. Kama yamefutika, tazama kitufe cha F6. Chenye mwezi mwandamo ni cha M1. Chenye alama ya mwanga wa kibodi, umeshika ya Machi.