Silikoni ya kudungwa: kuitoa yote, kuipunguza au kuiacha ilipo?

Mtu aliyedungwa silikoni ya maji, kimiminika cha kutunisha umbo, kwenye makalio, mapaja au matiti na fundi asiye daktari hufika hospitali na swali moja: itatoka? Wapo madaktari watakaomjibu kwamba kuifuata kwa kisu ni kumwongezea balaa juu ya balaa. Wapo watakaomhimiza aingie chumba cha upasuaji mapema, kabla haijasambaa zaidi. Kila upande una wagonjwa wake wa kutolea mfano, na mifano ya pande zote mbili inatisha. Mimi naona pande zote mbili hukosea pale zinapotaka jibu moja liwafae wote, na kwamba hatari kubwa zaidi iko kwa anayemwahidi mgonjwa kuwa ataitoa yote.

Tuanze kwa kutenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Matiti ya bandia yanayowekwa na daktari ni mfuko uliofungwa. Mwili huujengea ukuta wa kovu pande zote, na siku ukipasuka au mwenyewe akiuchoka, daktari huukuta mahali alipouacha. Silikoni ya kudungwa haina mfuko. Inaingia katikati ya mafuta, inapenya kwenye misuli, inafuata nafasi zilizo kati ya tabaka za mwili, na kwa miaka inaweza kushuka kutoka makalio hadi nyuma ya goti au kupanda kiunoni. Kinga ya mwili inaitambua kuwa ni mgeni. Chembe nyeupe zinaimeza zisiweze kuimeng'enya, zinaita nyingine, na matokeo yake ni vinundu vigumu vinavyoitwa granuloma, vikizungukwa na kovu. Ni kama mafuta ya taa yaliyomwagika mchangani: huwezi kuyachota bila kuchota na mchanga. Mchanga huo ndio nyama ya mtu, ngozi yake na mishipa yake.

Madaktari walishayaona haya zamani. Mwaka 1899 huko Vienna, daktari Robert Gersuny alianza kudunga mafuta ya parafini mwilini ili kujaza palipopungua, na haikuchukua muda mrefu kabla ya vinundu na vidonda kuanza kuonekana. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia silikoni ilishika nafasi ya parafini. Japani wanawake walidungwa matitini, na katika miaka ya 1960 mtindo huo ulishamiri Las Vegas, Marekani, kiasi kwamba jimbo la Nevada ulimo mji huo likaja kuufanya kosa la jinai muongo uliofuata. Leo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, inaruhusu mafuta ya silikoni yatumike ndani ya jicho kwa wagonjwa ambao retina yao, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imebanduka, na mwaka 2017 ilitoa onyo la wazi dhidi ya kuyadunga ili kutengeneza umbo. Ruhusa ya jicho ndiyo inayotumiwa kuwahadaa wateja: wanaambiwa kwamba hata hospitali wanaitumia. Ni kweli pia kwamba wapo madaktari wachache wa ngozi wanaotetea matone madogo mno ya silikoni safi usoni, kwa mfano kujaza mashavu yaliyobonyea ya wagonjwa wa virusi vya UKIMWI. Lakini tone dogo la silikoni safi usoni haliwezi kuhalalisha mamia ya mililita za silikoni ya viwandani kwenye makalio, mara nyingine ikiwa imechanganywa na mafuta mengine na tundu la sindano likazibwa kwa gundi.

Wengine hawafiki hata kwenye swali la kuitoa. Silikoni ikiingia kwenye mshipa wa damu husafiri hadi mapafuni, na mtu anaweza kufa kwa kukosa pumzi ndani ya saa au siku chache. Huko Florida mdungaji mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 10 mwaka 2017 baada ya mteja wake kufariki. Kwa anayehema kwa shida muda mfupi baada ya kudungwa, kinachohitajika ni chumba cha wagonjwa mahututi. Upasuaji wa kutoa silikoni haumsaidii saa ile.

Mjadala wenyewe unawahusu walionusurika. Wengi wao hukaa miezi, wengine miaka 10 au 20, bila dalili yoyote. Kisha siku moja ngozi inakuwa nyekundu na ya moto, inakakamaa, inabadilika rangi, kukaa kitako kunakuwa mateso. Wengine hupata vidonda vinavyotoa majimaji na havifungi.

Wanaotetea upasuaji wana hoja ambazo siwezi kuzipuuza. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya. Steroidi, dawa za kupunguza uvimbe, hutuliza, lakini zikitumiwa kwa muda mrefu hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na hukaribisha maambukizi. Viuavijasumu vya jamii ya tetrasaiklini, kama minosaiklini, huwasaidia baadhi kwa sababu hupunguza kucharuka kwa kinga ya mwili, na zipo dawa nzito zaidi za kuishusha kinga hiyo. Zote hizo zinapambana na moshi huku kuni zikiwa bado mle ndani. Kuna pia tatizo ambalo wagonjwa wengi hawajawahi kulisikia: chembe zilizo ndani ya granuloma zinaweza kuigeuza vitamini D kuwa katika hali yake yenye nguvu, nje ya udhibiti wa figo, na kalsiamu ikapanda kwenye damu. Mtu anachoka, anakojoa sana, anafunga choo, na figo zinaharibika kimyakimya. Anayeishi na silikoni nyingi mwilini anastahili kupimwa kalsiamu na figo kila baada ya muda, awe na maumivu au asiwe nayo. Daktari anayesema tusubiri, halafu asipange vipimo hivyo, amemtelekeza mgonjwa.

Titi lina hoja yake ya pekee, na hapa naegemea upasuaji waziwazi. Vinundu vya silikoni huficha saratani. Ukipapasa unakuta uvimbe kila mahali, na picha ya eksirei ya titi inajaa madoa yasiyosomeka. Ndiyo maana kwa wanawake wengi waliodungwa matitini, hasa panapokuwa na shaka, madaktari hushauri kuondoa tishu yote ya titi na kulijenga upya. Ni upasuaji mkubwa, lakini titi lina mpaka unaojulikana na daktari anaweza kuliondoa karibu lote, jambo lisilowezekana kwenye makalio.

Makalio ndiyo uwanja wa ubishi, na ndiko walikodungwa wengi: wanawake wanaotafuta umbo, na wanawake waliobadili jinsia ambao mara nyingi hawakuwa na mlango wa hospitali wa kubisha. Njia za upasuaji ni mbili. Ya kwanza ni kufungua kwa kisu na kukata sehemu iliyoathirika, ngozi na mafuta na wakati mwingine sehemu ya misuli, kisha kufunika pengo kwa ngozi inayosogezwa kutoka jirani. Ya pili ni kunyonya kwa mrija kupitia matundu madogo, mara nyingi kwa msaada wa mawimbi ya sauti au leza ya kulegeza vinundu. Njia ya mrija huacha makovu madogo na ndiyo inayotangazwa zaidi. Tatizo lake ni kwamba daktari hufanya kazi bila kuona, granuloma iliyokwisha kuwa ngumu hainyonyeki kirahisi, na mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni unapita palepale. Kisu humwezesha daktari kuona anachokata, ila gharama yake ni kovu refu, shimo kwenye umbo, na kidonda mahali ambapo binadamu hukalia.

Hapo ndipo hoja za wanaokataa zinapopata nguvu. Ngozi iliyojaa silikoni haina damu ya kutosha, kwa hiyo mishono hufumuka, kingo za kidonda hufa, maji hujaa chini ya ngozi na maambukizi hufuata. Mgonjwa huenda akalazimika kulala kifudifudi kwa wiki kadhaa na kurudi chumba cha upasuaji mara ya pili na ya tatu. Baada ya yote hayo, sehemu ya silikoni hubaki, na iliyobaki inaweza kuamka tena. Wanaokataa wanauliza: kama mtu anatembea, anafanya kazi na hana maumivu, kwa nini umpe kidonda cha hakika ili kumwepusha na kidonda cha labda?

Kwa mtu asiye na dalili na mwenye silikoni iliyosambaa hadi kwenye misuli, nakubaliana nao. Kipimo cha MRI ndicho kinachopaswa kusema kabla ya mdomo wa daktari: silikoni ni kiasi gani, imeishia kwenye mafuta au imeingia kwenye msuli, iko umbali gani na mshipa wa fahamu. Kikiwa kinundu kimoja, juu juu, chenye mpaka, kukitoa hata kabla hakijauma ni jambo la busara. Ikiwa imetapakaa pande zote, kusubiri kwa vipimo nako ni tiba. Na kwa aliyekwisha kupata vidonda visivyofunga, usaha unaorudi, maumivu yasiyosikia dawa au ngozi inayokufa, kuendelea kumwandikia vidonge ni ukatili. Yeye anahitaji kisu, kikiwa na lengo dogo linalotajika: kuondoa sehemu inayomtesa.

Liko kundi la kati ambalo linanisumbua zaidi. Ni watu wasio na maumivu ya mwili ila hawalali kwa hofu. Wanajigusa kila usiku kutafuta uvimbe. Wanasema hawajali makovu, wanataka kitu hicho kitoke tu. Kuwaambia kwamba hawaumwi ni uongo, kwa sababu hofu ya namna hiyo inamla mtu. Lakini upasuaji uliofanywa ili kuituliza hofu unategemea ahadi ambayo hakuna daktari mkweli anayeweza kuitoa, maana baada yake bado kutakuwa na silikoni, na sasa kuna makovu pia. Nikiwa na ndugu wa aina hiyo ningemtafutia kwanza mtu wa kuzungumza naye na ratiba ya vipimo inayoeleweka, kisha uamuzi wa upasuaji ungefuata akiwa ametulia. Najua wapo watakaoniona namwamulia mtu mwili wake. Ana haki ya kuamua. Haki hiyo inakamilika tu akiwa ameambiwa kwa maneno mepesi kwamba huenda ikatoka nusu, huenda ikatoka zaidi, yote haitatoka.

Maneno hayo ndiyo yasiyosemwa na matangazo. Mtu aliyedanganywa na mdungaji aliyemwambia kwamba kimiminika kile ni salama na cha kudumu, anadanganywa mara ya pili na anayemwambia kwamba atakisafisha chote kwa mkupuo mmoja. Picha za kabla na baada huonyesha wiki ya sita. Hazionyeshi mwaka wa tano. Tafiti zilizopo nyingi ni taarifa za wagonjwa wachache wa kituo kimoja, bila kundi la kulinganisha nalo la waliotibiwa kwa dawa pekee, kwa hiyo anayedai kwamba njia yake imethibitishwa kuzishinda nyingine anavuka mpaka wa ushahidi.

Upande wa pili wa aibu uko hospitalini. Kuna madaktari ambao wakisikia silikoni ya mtaani hugeuza uso: alijitakia mwenyewe. Lawama hizo zina madhara ya kitabibu. Mgonjwa anayeogopa kusemwa huficha kwamba alidungwa. Daktari anaona uvimbe mwekundu wa moto, anadhani ni jipu, anapasua ili kutoa usaha, na anafungua tundu ambalo huenda lisifunge kwa miezi. Au nesi anamchoma sindano ya tiba kwenye kalio lilelile, dawa isinyonywe inavyotakiwa na kinundu kilicholala kikaamshwa. Swali moja lililoulizwa kwa heshima, umewahi kudungwa kitu chochote hapa, lingewaepusha wengi na upasuaji ambao hawakuuhitaji.

Kuhusu nani alipe, Kolombia inastahili kuangaliwa. Mtangazaji wa televisheni Jessica Cediel, aliyedungwa makalioni na baadaye kupasuliwa ili kilichodungwa kiondolewe, alipaza sauti kwa miaka, na mwaka 2023 nchi hiyo ikapitisha sheria inayozuia matumizi ya vimiminika hivyo kwa urembo na kuweka hatua za kuwasaidia walioathirika. Wapo wanaoona ni makosa fedha za umma kugharamia matokeo ya urembo wa vichochoroni. Lakini mifumo ya afya tayari inalipa: inalipia vidonda vilivyooza, figo zilizokufa na wagonjwa wanaofika mahututi baada ya kurudi kwa fundi wa bei rahisi ili awatolee alichowadunga. Ni afadhali fedha hiyo iende kwenye vituo vichache vyenye daktari wa upasuaji wa kurekebisha viungo, mtaalamu wa picha, daktari wa kinga ya mwili na mshauri wa saikolojia wanaomwona mgonjwa pamoja, na vituo hivyo vitakiwe kuwafuatilia hata wale waliokubaliana wasipasuliwe.