Ukubwa wa Namba Usiachiwe Kompaila

Tangaza namba kamili ya aina ya `long` katika lugha ya programu ya C. Kwenye Linux ya biti 64 kwa kawaida utapewa biti 64 (nafasi 64 za 0 au 1) za kuihifadhi. Kwenye Windows, nayo ya biti 64, tangazo lile lile linakupa 32. Na hakuna kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) iliyokosea: kanuni za C zinataka tu `long` isipungue biti 32 na `int`, aina nyingine ya namba kamili, isipungue 16. Yaliyobaki ni hiari ya mtengenezaji wa kompaila. Hiari hiyo, kwa maoni yangu, imetugharimu mno.

Zamani ilikuwa na maana. C ilizaliwa miaka ya 1970, mashine zikiwa hazifanani hata kidogo. Moja inahesabu kwa biti 16, nyingine kwa 36. Lakini Java ilipotoka mwaka 1995 ilikata shauri: `int` ni biti 32, `long` ni 64, popote pale. C yenyewe ilipata `int32_t` na wenzake, aina zinazotaja ukubwa kwenye jina, mwaka 1999. Anayebuni muundo wa faili leo na bado anaandika `long` anawatafutia wenzake taabu.

Kinachoniudhi zaidi ni ukimya wa kosa lenyewe. Faili ya baiti 3,000,000,000, ukubwa wake ukiwekwa kwenye biti 32 zenye alama (zinazobeba namba hasi pia), kwa kawaida husomeka -1,294,967,296. Programu haisimami wala hailalamiki. Inaendelea na hesabu, na uongo unasambaa.

Kati ya lugha na lugha hali ni mbaya zaidi. Namba za kawaida za JavaScript, lugha ya vivinjari, ni za nukta inayoelea (zinazobeba sehemu za desimali) za biti 64, kwa hiyo namba kamili ni za kuaminika hadi 9,007,199,254,740,991 tu. Seva ya Java ikituma kitambulisho 9007199254740993 kama namba ndani ya JSON (muundo wa maandishi wa kubadilishana data), kivinjari kitasoma 9007199254740992. Hicho huenda ni kitambulisho cha mteja mwingine kabisa! JSON haikuweka kikomo chochote, kwa hiyo ulinzi ni juu yetu: vitambulisho vitumwe kama maandishi. Havijumlishwi wala havizidishwi, sasa unamba wa nini?

Wapo wanaosema kubadili mazoea kutavunja programu za zamani. Ni kweli, baadhi zitahitaji kurekebishwa. NumPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, ilikubali gharama hiyo katika toleo la 2.0, mwaka 2024, ilipofanya namba kamili za kawaida kwenye Windows ya biti 64 ziwe za biti 64 kama kwenye Linux. Naiunga mkono bila kusita, na ningependa ingefanya hivyo mapema zaidi.