Nakumbuka Kama Jana

Wiki iliyopita nilimpandishia sauti dada yangu mkubwa, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nipate akili. Tulikuwa tunazungumzia siku aliyofariki baba. Nikasimulia kama nilivyosimulia kwa miaka 18: nimekaa upande wa dirishani, nimemshika mkono wa kushoto, na mkono ule ukapoa taratibu ndani ya wangu. Dada aliniacha nimalize. Kisha akasema kwa upole, "Mdogo wangu, wewe hukuwepo. Ulifika kesho yake."

Nikamjibu kwa hasira kwamba nakumbuka kama jana.

Siku mbili baadaye akanitumia picha ya barua niliyomwandikia mwezi uleule. Hati ni yangu, hata ile tabia yangu ya kuziinamisha herufi kulia. Mstari wa tatu unasema: "Kinachoniuma zaidi ni kwamba sikumuwahi." Na wazo la kwanza lililonijia, naliandika hapa bila kuficha, ni kwamba barua ndiyo iliyokosea.

Tangu hapo neno "nakumbuka" limekuwa zito mdomoni mwangu. Tunalitumia kama rungu. Ndugu hawasemeshani, ndoa zinavunjika, urafiki wa utotoni unakufa, na kila upande unaapa kwamba uliona kwa macho yake. Tunadhani kichwani mna sanduku, na kukumbuka ni kufunua kifuniko tu. Sanduku hilo halipo. Mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett alishaeleza mwaka 1932 kwamba kukumbuka ni kujenga upya, kwa vipande vilivyosalia na kwa mambo tunayoyaamini leo. Majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba kumbukumbu ya hofu ikishaamshwa hulegea, na ubongo hulazimika kuikaza upya. Ina maana kisa unachokisimulia mara nyingi ndicho unachokigusa mara nyingi. Mimi kisa cha baba nimekigusa mno.

Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka. Kesho yake asubuhi mwanasaikolojia Ulric Neisser aliwapa wanafunzi karatasi waandike: ulikuwa wapi, na nani, nani alikwambia. Ilipopita takriban miaka miwili na nusu, yeye na mwenzake Nicole Harsch wakawauliza tena. Robo yao walikosea kila jambo la msingi, na wengi walikuwa na uhakika mkubwa. Walipoonyeshwa karatasi walizoandika kwa mikono yao, hakuna hata mmoja aliyesema, "Aa, kweli, sasa nimekumbuka." Wapo walioendelea kushikilia walichokuwa wakikiamini. Nilivyoisoma barua yangu, nilikaa kwenye kiti kimoja nao.

Wala haihitaji miaka. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu fupi ya ajali ya magari. Waliwauliza baadhi yao magari yalikuwa na mwendo gani yalipogongana, na wengine yalipobamizana kwa kishindo. Baada ya wiki moja wakawauliza kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika kundi la neno kali, watu 16 kati ya 50 walisema waliviona. Katika kundi la neno la kawaida walikuwa 7. Filamu ile haikuwa na kioo hata kimoja kilichovunjika. Neno moja tu limemwaga vioo barabarani, ndani ya vichwa vya watu wasiokuwa na sababu yoyote ya kudanganya!

Najua nitajibiwa kwamba mtenda husahau, mtendewa hasahau. Ni kweli, na inanibidi nikubali hata kama inaniharibia hoja: aliyeumizwa hajazua maumivu yake, na anayetumia utafiti huu kumnyamazisha aliyedhulumiwa anatenda uovu wa pili. Mambo mengi tunayakumbuka sawasawa kiasi cha kutosha kuishi. Ninachokikataa ni kuuhesabu uhakika kama ushahidi. Ule moto wa kifuani unaosema "nina hakika" huwaka vilevile kwa aliyeona na kwa asiyeona. Nimekuwa nao miaka 18 kwa tukio ambalo sikulishuhudia.

Mwanafalsafa John Locke aliona kwamba mtu ni yuleyule hadi pale kumbukumbu yake inapofika. Ikiwa ni hivyo, basi sehemu ya mimi ni mtu aliyekaa kitini siku ile, na mtu huyo hakuwahi kuwepo. Hilo bado linanikosesha usingizi.

Lakini kuna linalonichoma zaidi. Juzi nilimpigia dada simu kumwomba radhi, nikamuuliza ni nani hasa alikuwa upande wa dirishani. Akanyamaza kidogo. "Mimi," akasema. Alikuwa amenisimulia usiku niliofika, mkono wa kushoto, kupoa kwake, vyote. Kwa miaka 18 amekuwa akinisikiliza nikisimulia mbele ya watu saa ya mwisho aliyokaa na baba kama yangu mimi. Hajawahi kunikatiza, kwa sababu aliona naihitaji.

Nikamwomba anisimulie tena, tangu mwanzo. Safari hii nilinyamaza.