Kazi za Mtu wa Pili Ukisafiri Peke Yako

Wengi wakizungumzia kusafiri nje ya nchi peke yako huzungumzia uhuru, au upweke. Kwa maoni yangu mambo hayo mawili huja baadaye sana. Anayevuka mpaka peke yake kwanza humkosa mtu wa pili: yule anayebaki na mabegi wewe ukienda chooni, anayekumbuka tiketi inasema saa ngapi, anayekwambia "hebu hesabu tena" kabla hujamwachia kijana wa kuchenji hela. Kazi hizo hazifutiki kwa kuwa umeamua kwenda mwenyewe. Safari nyingi za aina hii huharibika kwa sababu hakuna aliyekaa chini na kujiuliza nani atazifanya.

Chukua barabara ya Dar es Salaam hadi Kigali, zaidi ya kilomita 1,400 kwa basi, kupitia Dodoma, Singida na Kahama hadi Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda. Kwa Mtanzania ni safari nzuri ya kuanzia. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki halipii viza, na Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017. Hata hivyo ni nchi nyingine kabisa: magari hupita kulia, saa iko nyuma kwa saa moja, na tundu la umeme ni la duara.

Anza na begi, maana ndilo litakalokutesa njiani. Begi kubwa liende kwenye buti, na usiondoke pale mpaka uone limeandikwa namba yako ya kiti. Begi dogo liwe jepesi kiasi cha kuingia nalo chooni, kwenye choo cha kuchuchumaa, likiwa limening'inia kifuani bila kugusa chini. Hicho ndicho kipimo changu. Lisipovalika hivyo, utalazimika kumwachia mtu usiyemjua kila basi likisimama, na mara ya nne utakuwa umechoka kuchagua wa kumwamini. Ndani yake weka pasipoti, kadi ya njano, dawa, chaja, karatasi ya chooni, sweta na kanga moja. Viatu vya akiba vifunge kwa kitambaa, si kwa nailoni: Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, na mpakani mizigo hupekuliwa.

Kadi ya njano wengi huikumbuka wiki ya safari. Chanjo ya homa ya manjano huhesabika halali siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo ukichanja Jumatatu ili usafiri Alhamisi, kadi bado haijaanza kufanya kazi. Ukiwa nayo tayari, usichanje tena: tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha. Na ukisikia Mkenya au Mganda akisema huvuka kwenda Kigali kwa kitambulisho cha taifa tu, anasema kweli, kwani nchi zao na Rwanda zilikubaliana hivyo mwaka 2014. Tanzania haimo. Wewe beba pasipoti.

Tiketi ichague kwa saa ya kufika, si kwa saa ya kuondoka. Aliye na mwenzake anaweza kushuka stendi saa tisa usiku wakakaa pamoja mpaka kukuche. Aliye peke yake, hasa mwanamke, afanye hesabu ya kushuka Nyabugogo, stendi kuu ya Kigali, mchana kweupe, na aongeze saa nne hivi za kuchelewa, kwa kuwa mabasi ya masafa haya huchelewa. Ukikuta hesabu inaangukia usiku wa manane, lala Kahama uvuke kesho yake. Gharama ya gesti ya usiku mmoja si hasara.

Rusumo ni kituo cha pamoja: maofisa wa nchi mbili hukaa jengo moja, upande wa nchi unayoingia. Unashuka, unagongewa muhuri wa kutoka, halafu unahamia dirisha la kuingia humohumo. Urahisi huo ndio unaowaponza watu. Mtu akipata muhuri mmoja huona kamaliza, anarudi kwenye basi, kisha siku ya kutoka Rwanda anaulizwa aliingilia wapi. Hesabu mihuri miwili. Na kabla hujaondoka dirishani soma idadi ya siku ulizopewa. Kama ulisema unakaa wiki tatu na umeandikiwa chache, uliza palepale kwa upole, "Afande, naomba kuangaliziwa tena siku hizi." Ukishatoka nje, jambo hilo litakuwa kubwa kuliko lilivyostahili.

Wakati huo basi linasogezwa mbele kukaguliwa, na ukitoka utakuta mabasi matatu ya rangi moja. Kabla ya kushuka piga picha namba ya gari, chukua namba ya simu ya konda, kisha mgeukie jirani yako wa kiti: "Mama, mimi niko peke yangu. Nikichelewa naomba umwambie konda asiniache." Sentensi hiyo hufanya nusu ya kazi ya mtu wa pili. Mama akishaambiwa hivyo, huhesabu kichwa chako pamoja na vya wanawe. Wapo wanaoogopa kutangaza kwamba wako peke yao, na woga huo una sababu. Mimi naona uchague wa kumwambia: jirani wa kiti ndiyo, dereva wa bodaboda aliyekudaka getini hapana. Huyo mwambie unasubiriwa.

Kuhusu saa, andika nyuma ya tiketi ya kurudi maneno kamili: "saa 12 asubuhi, saa ya Rwanda." Simu hujigeuza yenyewe, saa ya mkononi haijigeuzi, na karibu na mpaka simu hushika mnara wa upande huu mara, wa upande ule mara, hata kengele uliyoitega ikalia saa moja kabla au baada ya wakati. Siku hiyo tegemea saa ya mkononi, ukiwa umeshaigeuza mwenyewe iwe ya Rwanda.

Hela ziweke sehemu tatu: za leo mfukoni, za wiki ndani ya begi dogo, za dharura ndani ya nguo. Mpakani chenji kiasi cha kula, kupanda gari na kununua laini tu. Zilizobaki zichenjiwe dukani mjini. Vijana wa mpakani wengi ni waungwana, ila ujanja upo na unajulikana: noti hukunjwa katikati ili moja ihesabike mara mbili, au kikokotoo hupigwa haraka mbele yako. Piga hesabu mwenyewe kwenye simu kabla ya kuwakaribia, pokea zao kwanza, hesabu noti moja moja, ndipo utoe zako. Noti kubwa kabisa ya Rwanda ni faranga 5,000, kwa hiyo usishangae kupewa kitita. Dola zilizochakaa au za matoleo ya zamani huenda zikakataliwa.

Laini yako ya nyumbani iache ndani ya simu, huduma ya nje ya nchi ikiwa imewashwa kabla hujaondoka, hata kama utatumia bando la Rwanda kwenye laini ya pili. Namba za siri za benki hutumwa kwa ujumbe kwenye laini ileile. Bila hiyo, pesa zako unaziona na huzigusi.

Watu wa nyumbani nao wapewe ratiba yenye ukomo: nitaandika nikivuka, nitaandika nikifika, na kila jioni kabla ya saa tatu. La muhimu zaidi, kubalianeni waanze kuhangaika lini. Mtandao hupotea njiani, na familia isiyo na saa ya makubaliano huanza kulia saa mbili tu baada ya kimya.

Ukishafika, sehemu ngumu imekwisha, na hapo ndipo wengi huipoteza safari yenyewe. Hukimbia: siku mbili Kigali, moja Musanze, moja Rubavu, kisha kurudi. Mimi naona anayesafiri mwenyewe akae mtaa mmoja siku 5 au 6, kwa sababu kila kazi ndogo ya siku itamlazimu kuongea na mtu. Kwa Kigali, Nyamirambo unafaa: ni mtaa wenye Waislamu wengi, na Kiswahili husikika madukani. Hata hivyo salimia kwanza kwa Kinyarwanda: "Mwaramutse" asubuhi, "Muraho" kwa usiyeonana naye siku nyingi au usiyemjua, "Murakoze" ukihudumiwa. Bei ni "Ni angahe?" Mengine utayatambua mwenyewe: isombe ni jamaa wa kisamvu chetu, umuceri ni mchele. Kuwa makini na vinywaji, amazi ni maji, maziwa ni amata.

Neno Amata ukiliona mlangoni, ingia. Ni vioski vya maziwa, na ndipo mahali bora pa mtu aliye peke yake asubuhi. Utaletewa kikombe kikubwa cha ikivuguto, maziwa mgando ya baridi, mazito kiasi cha kuacha mstari mweupe ukingoni, pamoja na chapati au andazi. Yanywe ukiwa umekaa. Kutembea ukitafuna barabarani ni jambo ambalo Wanyarwanda wengi hawalipendi, na utaona macho yakikufuata. Mchana tafuta mgahawa wenye mélange: unalipa bei moja, unajipakulia wali, ndizi, maharage, viazi na mboga katika sahani moja. Unapakua mara moja tu na nyama ni kipande kimoja, hivyo jipange vizuri. Kichupa kidogo cha mezani ni Akabanga, mafuta ya pilipili. Anza na tone moja.

Usafiri wa mjini ni kwa basi la kadi au kwa pikipiki, wanayoiita moto. Abiria ni mmoja na kofia ngumu ni lazima; dereva anayo ya pili. Patana bei kabla ya kupanda. Ukivuka barabara kwa miguu tazama kushoto kwanza, kinyume na mazoea yako, na hili uliseme kwa sauti kila mara kwa siku mbili za mwanzo. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni Umuganda, kazi za pamoja za jamii: kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tano maduka hufungwa na magari huwa adimu. Usipange kusafiri asubuhi hiyo.

Chaja ya Tanzania yenye meno matatu ya mraba haiingii kwenye tundu za Rwanda, na ule ufundi wa kubonyeza tundu la juu kwa kalamu hausaidii huku. Nunua adapta Kariakoo kabla ya kuondoka. Kigali iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, jioni kuna baridi, na jinzi ikifuliwa msimu wa mvua, Machi hadi Mei, inaweza isikauke kesho yake.

Kumbukumbu ya Gisozi, hapo Kigali, walipozikwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari ya 1994, ipe nusu siku nzima na usipange jambo jingine baada yake. Wiki inayoanza tarehe 7 Aprili ni ya maombolezo, na mji hunyamaza. Wakati wowote usimuulize mtu kabila lake, wala alikuwa wapi mwaka ule. Akitaka kusema atasema, na kazi yako ni kusikiliza.

Siku ya kurudi, noti zilizobaki utazichenji Rusumo, lakini sarafu za faranga 100 hazichukuliwi. Zimalize Nyabugogo asubuhi, kwenye kikombe cha mwisho cha ikivuguto, saa ya mkononi ikiwa bado ni ya Rwanda.