Kanga ya mama watoto kwenye kuba la Mtakatifu Petro

Roma mwezi wa saba ni jua la kukaanga chapati, mtu gani anavaa suruali ndefu? Mimi nikatinga kaptula yangu safi, nimefika Basilika la Mtakatifu Petro, mlinzi akaniangalia usoni, akashuka mpaka magotini, akatikisa kichwa. Hata neno hakusema. Na nyuma foleni imeuzunguka ule uwanja wa msanifu Bernini wenye nguzo 284, nani arudi tena mwisho wa foleni? Bahati mama watoto hata akienda dukani kanga iko kwenye begi, akaichomoa, nikafungwa pale pale mbele za watu. Nikapita.

Sasa kupanda juu ya kuba, ubahili wangu, lifti inaongeza hela na bado haikufikishi juu kabisa, nikasema napanda kwa mguu ngazi zote 551. Mama watoto akasema nenda baba, utanikuta chini. Mwanzo ngazi ni pana, poa tu, kasheshe ni ukishaingia kwenye kuba lenyewe, maana lile kuba ni mawili, la ndani na la nje, na njia inapita katikati yake, ukuta unainama na wewe unainama nao, unapanda shingo upande. Michelangelo, yule msanii aliyelichora kuba, alipewa hii kazi kashavuka miaka 70, akafa 1564 kuba halijaisha, likaja kukamilika 1590. Mimi nikaona hapa hapa namfuata.

Kuna mzungu mmoja kipande cha mtu alikuwa nyuma yangu anahema, akakanyaga pindo, mimi nikapandisha mguu, kanga ikabaki kwake. Kugeuka hakuna nafasi, ikabidi anipitishie juu ya bega, na foleni yote imesimama inasubiri mtu afunge kanga. Kule mwisho kabisa ngazi zinazunguka, hakuna cha kushika ila kamba inayoning'inia katikati, basi mkono mmoja kamba, mwingine kanga.

Ila uzuri nimeuona jamani. Nimeshuka nikaingia kanisani, kuna vitoto vya malaika vimeshika chombo cha maji ya baraka, kwa mbali unasema vitoto kweli, sogea sasa, kila kimoja ni njemba! Sakafuni wameandika urefu wa makanisa mengine makubwa duniani, ujue yote yanaishia njiani. Na lile paa la shaba juu ya altare, mita 29, mimi nimekodoa macho huku nasikia watu wanacheka kwa nyuma. Kugeuka, masista wawili.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

Kiswahili! Nikajibu "Milele amina" kwa furaha zote, kumbe ni wa Songea wako Roma masomoni. Wakaomba picha. Nikajipanga vizuri, mikono nyuma, tabasamu.

"Hapana kaka, tugeuzie mgongo."

Kanga ya mama watoto, matakoni hapo kwa herufi kubwa: MWENYE WIVU AJINYONGE.