Isopodi: wanasaga, hawapiki

Inua jani lililooza chini ya biwi la mboji, utawaona wakikimbilia gizani: vidudu vya kijivu, miguu 14, magamba yamepangana kama vigae. Baadhi ukiwagusa hujikunja wakawa punje ya pilipili manga. Ndio isopodi, na ukoo wao ni wa kaa na kamba, si wa wadudu. Hata hapa nchi kavu wanapumua kwa viungo vya jamii ya matamvua, hivyo pakikauka wanakufa.

Wapo wanaowasifu kana kwamba ndio wanaotengeneza mboji. Sifa hiyo imezidi. Wao wanasaga, hawapiki. Majani makavu na mti uliooza wanavitafuna vikawa vipande vidogo, wakaacha vijitonge vya kinyesi. Bakteria na kuvu ndio wanaomalizia kazi. Biwi likipanda joto hadi nyuzi 55 au 60 za Selsiasi, isopodi hukimbilia pembezoni au hufa. Kwa hiyo anayepika mboji ya haraka asiwategemee. Faida yao iko kwenye rundo baridi la majani linaloachwa miezi.

Sifa nyingine ni kwamba wanasafisha udongo wenye sumu ya metali. Kweli wanalimbikiza shaba, zinki, kadimi na risasi mwilini. Lakini isopodi akifa pale pale bustanini, metali imekwenda wapi?

Upande wa lawama nao una chumvi yake. Mara nyingi mche umeshatafunwa na konokono au umeanza kuoza, isopodi anakutwa kwenye kidonda anakula mabaki, basi kesi inamwangukia. Ila si malaika. Wakiwa wengi wanakula miche michanga na matunda yanayogusa ardhi. Nchini Argentina, aina iitwayo Armadillidium vulgare imekuwa kero katika mashamba ya soya yanayolimwa bila kutifua. Mabaki ya mazao yaliyoachwa yalinde udongo ndiyo hayo hayo yanayowapa kivuli, unyevu na chakula.

Mimi siwafukuzi kwenye biwi. Kitaluni nasogeza matandazo shubiri moja kutoka kwenye mche mpaka shina likomae. Kuwanunua naona ni kupoteza fedha: laza kipande cha gogo bovu juu ya udongo wenye unyevu, kisha uje ukigeuze baada ya wiki kadhaa.